Kuhani Si Mtu wa Nyuma

Je, mnaujua mchezo wa Dungeons & Dragons? Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akawa mhusika katika hadithi, na dadu ndiyo huamua kama pigo limempata adui.

Mwanzoni aina za wahusika zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Mpiganaji alisifika kwa upanga. Mchawi naye, alipokuwa angali mgeni, aliruhusiwa uchawi mmoja tu kwa siku. Akishautumia, basi, kazi kwisha!

Mimi nampenda kuhani. Sheria za kwanza zilimkataza silaha zenye makali, kwa hivyo alibeba rungu. Wengi humkimbia eti hana sifa. Lakini akishapanda cheo, yeye ndiye huponya majeraha. Mpiganaji akijeruhiwa pangoni, nani atamwinua? Bila kuhani, kundi zima laweza kuangamia kabla ya kuiona hazina.

Wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mkicheza, msigombanie upanga nyote. Mmoja wenu akubali rungu.