Nyumba za Bosphorus na mirathi tuliyoiacha nyumbani

Wahenga wamesema macho hayana pazia. Anayeketi ubavuni mwa meli huona kila kinachopita mbele yake, kilicho chake na kisicho chake, wala hapana wa kumzuia. Tuliyafikiri sana maneno hayo katika mlangobahari wa Bosphorus, mjini Istanbul, siku tuliyopanda meli kwenda kutazama nyumba za fahari zilizojengwa ukingoni mwa maji. Tulikwenda kwa ajili ya kutazama nyumba za watu, na huko huko tukaulizwa swali juu ya nyumba yetu wenyewe.

Tulikuwa watatu: sisi mume na mke, pamoja na mama yetu, mjane mwenye umri wa miaka 72. Tulikuwa tukirejea kutoka Umra, na ndege yetu ikatupitisha Uturuki, tukapata siku mbili za kupumzika. Baada ya tawafu na saayi, miguu ya mama haikuwa tena na nguvu ya kuzunguka misikiti na masoko. Kijana wa mapokezi katika nyumba ya wageni tuliyofikia akatushauri tumpeleke majini, kwani huko, alisema, mji wenyewe ndio utakaompitia yeye akiwa ameketi.

Meli huondokea gati la Eminönü, mbele ya msikiti uitwao Yeni Cami, yaani Msikiti Mpya. Upya wake ni wa jina tu. Ujenzi wake ulianza mwaka 1597 kwa amri ya Safiye Sultan, mama wa Sultani Mehmed wa Tatu. Kazi ikasimama kwa miongo mingi, ikaja kukamilishwa katika miaka ya 1660 na Turhan Sultan, mama wa Sultani Mehmed wa Nne. Tuliingia humo asubuhi ile tukaswali rakaa mbili, kisha tukashuka gatini. Meli ilipong'oa nanga, shakwe waliifuata wakidaka vipande vya mikate ya duara yenye ufuta waliyorushiwa na abiria, na mhudumu akapita sitahani na sinia la vigilasi vya chai.

Bosphorus ni njia ya maji yenye urefu wa kilomita 30 hivi, inayounganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara. Ukielekea kaskazini, mkono wa kushoto una Ulaya na wa kulia una Asia. Mahali pembamba kabisa, upana wake ni kama mita 700 tu. Maji ya juu huteremka kutoka Bahari Nyeusi, na chini yake mkondo mwingine hurudi kinyume. Katikati ya njia hiyo hupita meli kubwa za mizigo na mafuta, mchana na usiku, zikiwa karibu mno na madirisha ya watu.

Jengo la kwanza kutunyamazisha lilikuwa kasri ya Dolmabahçe, iliyo upande wa Ulaya. Ilijengwa kati ya mwaka 1843 na 1856 kwa amri ya Sultani Abdülmecid, ambaye kwa matamshi yetu ni Abdulmajid. Ina vyumba 285 na kumbi 46, na ukuta wake mweupe unaotazama maji ni mrefu hata mama akauliza kama bado ni nyumba ile ile. Mwaka 1854, ujenzi ukiwa unaendelea na vita vya Crimea vikipiganwa, dola ya Kiothmani ilichukua mkopo wake wa kwanza kutoka nchi za nje. Sultani alifariki mwaka 1861, miaka mitano tu baada ya kuhamia humo. Mwaka 1875 dola ikatangaza kushindwa kulipa madeni kama ilivyopaswa, na mwaka 1881 ikaundwa idara iliyosimamiwa na wadai wa Ulaya, ikawa inakusanya sehemu ya mapato ya nchi. Hatusemi kwamba kasri moja ndiyo iliyoiangusha dola, kwa maana vita na mambo mengine mengi yalikuwa na fungu lake. Lakini si rahisi kuitazama dhahabu ile ukiwa umekwisha kuijua habari ya deni.

Miongoni mwa waliokaa humo mwishoni alikuwamo Abdülmecid mwingine, wa Pili, khalifa wa mwisho wa ukoo wa Othmani. Ukhalifa ulipofutwa tarehe 3 Machi 1924, usiku huo huo aliamriwa kuondoka, na kulipopambazuka alikuwa njiani kwenda uhamishoni Ulaya pamoja na watu wake. Alifariki Paris mwaka 1944. Mwili wake ulihifadhiwa katika msikiti wa mji huo kwa miaka kumi, hata mwaka 1954 ukazikwa Baqii, katika mji wa Madina.

Tulipomweleza mama habari hiyo aliweka chini gilasi yake. Siku chache kabla ya hapo tulikuwa Madina. Mwanamume kati yetu aliingia Baqii baada ya Alfajiri, na wanawake wakatoa salamu wakiwa nje ya ukuta. Makaburi ya pale hayana majina wala mapambo.

"Kumbe na yeye tulimsalimia," mama akasema. "Vyumba mia mbili na themanini, na sisi tumempita hatukumjua."

Meli ikaendelea. Tukaipita Çırağan, kasri ya Sultani Abdülaziz, ambamo Sultani Murad wa Tano aliwekwa kizuizini tangu mwaka 1876 hadi kifo chake mwaka 1904. Iliungua mwaka 1910, zikabaki kuta tupu kwa miaka mingi, na leo ni hoteli. Baada ya kupita chini ya daraja la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1973, tukaiona upande wa Asia kasri ya Beylerbeyi, ambamo Sultani Abdülhamid wa Pili alimalizia siku zake chini ya ulinzi, akafariki mwaka 1918. Mama alihesabu kwa vidole: katika kasri tatu, wawili wamefungwa na mmoja amefukuzwa.

Kutoka hapo ndipo nyumba za watu zinapoanza kufuatana kwa wingi. Waturuki huziita yalı, yaani nyumba ya ufukweni, na ziko mia kadhaa katika kingo zote mbili. Za kale ni za mbao, zina baraza za juu zilizochomoza juu ya maji, na chini yake banda la kuingizia mashua, kwa kuwa zamani mwenye nyumba alikuja kwa njia ya maji na kuondoka kwa njia ya maji. Ndani ziligawanywa pande mbili, upande wa wageni wanaume na upande wa familia, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Nyingi zilikuwa za mawaziri na makadhi wakubwa. Iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ni ya Amcazade Hüseyin Paşa, waziri mkuu, iliyojengwa mwaka 1699. Katika nyumba yote ile umebaki ukumbi wake wa kupokelea wageni, umeinama juu ya maji kwenye nguzo zake.

Hata enzi hizo umiliki haukuwa na uhakika. Kabla ya mageuzi ya mwaka 1839, waziri aliyekufa au kuvuliwa madaraka aliweza kunyang'anywa mali yake ikarudi kwa Sultani, na watoto wake wakatoka mikono mitupu. Baada ya hapo wakaja maadui wengine: moto, unaopenda mbao, unyevu wa bahari, na wingi wa warithi. Mzee mmoja alikuwa na uwezo wa kuitunza nyumba yake. Wajukuu ishirini waliotawanyika hawakuweza hata kukubaliana nani anunue rangi. Baadhi ya nyumba ziliuzwa, nyingine zikaozea mahali pake. Tangu mwaka 1983 kuna sheria maalumu inayolinda sura ya kingo hizo, na mwenye nyumba ya kale hawezi kuibadilisha apendavyo. Ndiyo sababu wanaozinunua leo ni matajiri wakubwa tu.

Karibu na daraja la pili tukaiona nyumba nyekundu iliyokuwa ya Salih Efendi, tabibu mkuu wa Sultani. Tarehe 7 Aprili 2018, meli kubwa ya mizigo yenye urefu wa zaidi ya mita 200 ilipata hitilafu ya injini mahali hapo. Usukani haukutii tena, na meli ikaja moja kwa moja ikaigonga nyumba. Hapana aliyejeruhiwa, lakini sehemu kubwa ya jengo lililokuwa limesimama tangu karne ya 18 iliporomoka ndani ya dakika moja.

Tulimsimulia mama kisa hicho tukidhani atashangazwa na meli. Yeye akauliza jambo jingine.

"Wenyewe walikuwa wamekwisha kugawana?"

Tukamjibu kwamba hilo hatukulijua.

"Na sisi je? Miaka tisa nalala katika nyumba ya baba yenu, na sijui hata chumba kimoja ambacho naweza kusema hiki ni changu."

Ndugu msomaji, maneno hayo hayakusemwa kwa hasira, na kwa hiyo yalituumiza zaidi. Nyumba aliyoitaja iko Pangani. Ni ya mawe na chokaa, ina vyumba vinane, baraza pana na mlango wa nakshi unaotazama mto unapoingia baharini. Baba yetu aliiacha, akaacha mjane mmoja, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike. Tulimzika, tukasoma hitima, tukaagana. Kaka yetu mkubwa akapata mnunuzi anayetaka kujenga hoteli. Mwingine akasema nyumba ya wazee haiuzwi. Dada zetu walinyamaza, maana kila walipouliza waliambiwa wawe na subira. Paa likaanza kuvuja, vyumba vinne vya juu vikafungwa, na katika muda wote huo hakuna aliyemuuliza mama anataka nini. Sisi tulioandika makala hii tulikuwa miongoni mwa walionyamaza. Tuliita kunyamaza kwetu heshima kwa kaka.

Meli ilitia nanga Kanlıca, kijiji kinachosifika kwa mtindi wake, unaoliwa kwa kunyunyiziwa sukari ya unga. Mama alikula vikombe viwili. Hakulirudia neno lake, nasi hatukuwa na la kumjibu. Tulikwenda hadi Anadolu Kavağı, kijiji cha wavuvi karibu na mdomo wa Bahari Nyeusi, tukarejea alasiri. Nyumba zile zile zikatupita tena, lakini safari hii hatukuwa tukihesabu baraza wala madirisha. Tulikuwa tukihesabu mafungu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kinachotangulia ni gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia wake usiozidi theluthi. Kinachobaki ni cha warithi. Mjane wa mtu aliyeacha watoto hupata thumuni. Kwa kuwa babu na bibi yetu walitangulia kabla ya baba, kilichosalia ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Kwa familia kama yetu, mali huwekwa mafungu 64: mjane mafungu 8, kila mtoto wa kiume 14, na kila wa kike 7. Hesabu hiyo tuliimaliza nyuma ya bahasha kabla meli haijafika Beşiktaş. Jambo la robo saa tumeliweka miaka tisa.

Tulishuka Eminönü jua likikaribia kuzama, tukaingia tena katika Yeni Cami. Pembeni mwake liko soko la viungo liitwalo Soko la Misri, lililojengwa miaka ile ile ya 1660 ili mapato yake yautunze msikiti. Wanawake waliosimamia kazi ile walijua kwamba jengo lisilo na fungu la matengenezo litaanguka, wakaliandikia fungu lake wakiwa hai. Mama, ambaye hakuweza kuingia Dolmabahçe bila ya kulipa, aliketi pale kwenye zulia kana kwamba yuko kwao.

Tuliporudi nyumbani tuliwaita ndugu zetu wote Pangani. Hatukuanza na habari ya kuuza wala ya kutouza. Tuliweka ile bahasha katikati ya mkeka, na dada yetu mdogo akaisoma kwa sauti. Kaka yetu mkubwa alikasirika, akasema tumekwenda Uturuki kujifunza kumdharau. Alitoka, akakaa barazani mpaka Magharibi, kisha akaingia akatia saini. Hajaacha kumtaka mnunuzi wake, na ni haki yake kulisema hilo juu ya fungu lake. Maombi ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi yamepelekwa Mahakama ya Mwanzo, na dada zetu sasa wanayajua mafungu yao kwa hesabu.

Twawausia wenzetu wenye nyumba za wazee wao zilizofungwa kwa kunyamaziana: kaeni mgawane wangali wapo wanaostahiki kupewa. Mjane hana miaka tisa ya kungoja watoto wake wawe tayari.

Vyumba ni vinane, na thumuni yake mama ni kimoja. Watoto wote waliridhia achague yeye mwenyewe, na amechagua kile cha juu kinachotazama mto. Fundi wa paa anaanza kazi Jumatatu, inshallah.