Maumivu baada ya kuwekewa nyonga bandia yasikufunge kitandani

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MAUMIVU yanayofuata upasuaji wa kuweka nyonga bandia ni ya kawaida, lakini si sababu ya mgonjwa kubaki kitandani. Kulala bila kusogea ndiko kunakoongeza hatari, ikiwamo damu kuganda katika mishipa ya miguu.

Upasuaji huo, ulioboreshwa na John Charnley wa Uingereza katika miaka ya 1960, hufanyiwa watu ambao nyonga zao zimevunjika au kulika, wakiwamo baadhi ya wagonjwa wa selimundu. Nchini hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996.

Kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini anayetibiwa huko, safari ya kurudi ni karibu kilomita 500 hadi Iringa na zaidi ya 800 hadi Mbeya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maumivu hukabiliwa nyumbani, mbali na daktari aliyempasua. Ni vyema amuulize daktari huyo lini anaruhusiwa kusafiri, na njiani asimame na kunyoosha miguu kila gari linapopumzika.

Dawa humezwa kwa saa zilizopangwa, pasipo kusubiri maumivu yazidi. Kidonge kinachomezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi humwezesha mgonjwa kutembea na magongo.

Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Wengi hukosea hapa: humeza Panadol na parasetamoli kwa pamoja wakidhani ni dawa mbili, kumbe ni moja, na kipimo kikizidi ini huathirika. Diklofenaki, inayonunuliwa kwa urahisi madukani, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Isitumike bila ushauri wa daktari.

Anayepewa mofini kwa muda mfupi asiiogope, ila atumie kipimo alichoandikiwa. Dawa hiyo hufunga choo, hivyo anywe maji ya kutosha na kula mboga na matunda.

Uvimbe hupunguzwa kwa kitambaa cha baridi kisichogusa kidonda. Kukanda kwa maji ya moto au kuchua nyonga kuepukwe.

Katika wiki za mwanzo, mgonjwa hushauriwa asikalie kigoda, asikunje nne wala kuchuchumaa. Penye choo cha shimo, familia iandae kiti chenye tundu.

Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakizidi ghafla, mguu ukionekana mfupi, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au ndama ya mguu ikivimba na kuuma, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Akibanwa na pumzi, hata saa moja isipotee.