Daftari Kubwa na Simu Ndogo

Mwenye kupita Soko la Majengo hapa Dodoma siku hizi hakosi kuwasikia vijana wakizungumzia bitcoin. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa fedha halali nchini ni shilingi. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Onyo na kodi juu ya jambo moja! Hilo tuwaachie wanasheria. Swali letu leo ni la mkulima: kijana anayeonyeshwa kwenye simu kwamba amelipwa, anajuaje kuwa amelipwa kweli?

Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ni daftari la hesabu linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani. Kila baada ya dakika kumi hivi huongezwa ukurasa, uitwao bloku, na mwenye kuuongeza ni yule aliyetumia umeme mwingi kutatua fumbo la hesabu. Hiyo ndiyo maana ya ushahidi wa kazi. Daftari zima sasa limepita gigabaiti 600. Kumtaka mkulima wa zabibu wa Hombolo, mwenye simu ya bei nafuu na kifurushi cha wiki, alipakue lote, ni sawa na kumtaka abebe ghala la ushirika kichwani ili ahakikishe kreti yake moja.

Mbunifu wake, aliyejiita Satoshi Nakamoto, aliliona tatizo hili tangu mwaka 2008. Alishauri simu ichukue vichwa vya bloku tu. Kichwa kimoja ni baiti 80. Vya mwaka mzima ni takriban megabaiti 4.2. Ndani ya kila kichwa mna muhuri wa malipo yote ya bloku ile, uliopatikana kwa kuunganisha alama za malipo mbili mbili, hata ibaki alama moja. Mtindo huo ni wa Mmarekani Ralph Merkle, wa mwaka 1979. Bloku ikiwa na malipo 4,000, alama 12 tu zatosha kuithibitishia simu kwamba malipo fulani yamo.

Hapo wauzaji wa programu hupiga makofi. Sisi tuendelee. Simu hiyo imeona kuwa kazi imefanyika. Haikuona kama kanuni zimefuatwa. Tarehe 4 Julai 2015 baadhi ya wachimbaji wa bitcoin walikuwa wakijenga juu ya bloku za wenzao pasipo kuzikagua. Bloku moja ikakiuka kanuni mpya, nyingine zikarundikwa juu yake, hata zikafika 6 kabla ya kutupwa. Kompyuta zenye daftari kamili na programu ya karibuni zilizikataa papo hapo. Programu nyepesi hazikuwa na njia ya kuutambua uovu huo, maana kazi ilikuwa ya kweli. Wenye programu hizo wakashauriwa wasubiri bloku 30 zaidi, yaani kama saa tano. Mchuuzi gani atamsubirisha mnunuzi saa tano?

Liko pia jambo la siri. Simu isiyo na daftari huomba kwa wenye nalo, na mwombaji hujulikana haja yake. Mwaka 2012 uliletwa uchujo wa kuificha haja hiyo. Mwaka 2014 watafiti wakaonyesha kuwa hauifichi ipasavyo. Njia iliyopendekezwa mwaka 2017 ni bora: mwenye daftari hutoa muhtasari uleule kwa watu wote, na simu hujitafutia yenyewe.

Mpango uitwao FlyClient nao wataka simu isichukue hata vichwa vyote, bali ichague vichache kwa bahati nasibu, kama mkaguzi wa ushirika afunguaye kurasa ambazo karani hakuzitarajia. Mkaguzi wa namna hiyo twamheshimu. Ila kila kichwa lazima kibebe muhuri wa vichwa vilivyokitangulia. Sarafu ya Zcash iliweka muhuri huo mwaka 2020, bitcoin haina.

Na yote haya hufaa iwapo simu imepata angalau kompyuta moja isemayo kweli. Programu nyingi za simu hazikagui hata kichwa kimoja: huiuliza kampuni moja, na jibu la kampuni ndilo huonekana kiooni. Basi muuzaji akija Majengo na simu mkononi, aulizwe programu yake huunganishwa na kompyuta ngapi, na ni za nani.