Kuvuka Mpaka na Mtoto Mdogo

Shule za Uganda zikifungwa mwanzoni mwa Desemba, watoto wengi wa Arua na Koboko hupelekwa kwa ndugu walioko Aru na Ariwara, upande wa Kongo, au Yei na Juba, Sudan Kusini. Lami inafika Vurra na Oraba, na ng'ambo kuna shangazi anayesubiri, kwa hiyo wazazi huichukulia kama ziara ya kijijini: nguo zinapakiwa jioni, alfajiri watu wamo garini. Nasema mtoto wa miaka mitatu anayekwenda kulala wiki sita katika nchi nyingine ni msafiri kamili, na matayarisho yake yaanzie kliniki mwezi Oktoba.

Tuanze na kadi ya njano. Nchi zote mbili hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri aliyetimiza miezi tisa. Tangu 2022 Uganda imeiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida ya watoto, lakini tiki kwenye kadi ya kliniki si cheti cha kimataifa. Na cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo aliyechanjwa Jumatatu ili asafiri Jumatano amechelewa. Kisha kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi: likizo hii huangukia kiangazi, vumbi na upepo mkavu vikitawala, nao ndio msimu wa homa ya uti wa mgongo katika ukanda wetu. Watoto wanane wakibanana chumba kimoja kwa shangazi, ugonjwa huo haukawii kuenea. Muulize nesi mtoto wako amepata chanjo gani na ipi bado, uweke pia chandarua chake ndani ya begi.

Wapo watakaosema mpaka huu tuliwekewa tu. Ni kweli. Ardhi hii ilikuwa sehemu ya Lado, eneo la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na Uganda ikaipata 1914. Wakakwa wakajikuta wamegawanyika katika nchi tatu. Rais Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, maelfu walivuka bila karatasi yoyote, na undugu ukawaokoa. Siudharau undugu huo. Lakini nesi wa Yei hawezi kusoma undugu akajua mtoto ana mzio wa dawa gani, na shangazi anayempeleka hospitali usiku, mama akiwa Koboko, anahitaji kitu cha kuonyesha. Ndiyo maana barua ya wazazi yenye muhuri wa LC1 (baraza la kijiji), pamoja na cheti cha kuzaliwa, ina kazi kubwa. Ofisa anayemhoji mtu mzima aliyeongozana na mtoto asiye wake hafanyi ukorofi. Tangu 2009 Uganda ina sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu.

Gharama nayo ni hoja nzito, maana Februari karo inadaiwa. Kwa anayekwenda soko la Aru na kurudi jioni, sidai haya yote. Kwa anayebaki, fedha zikiwa chache, chanjo na barua zitangulie nguo mpya. Kuhusu njia ya kutoka Kaya, ng'ambo ya Oraba, kwenda Yei, ambako magari yameshambuliwa mara nyingi, waulize madereva wiki ileile ya safari, wakisita, ahirisha. Na kabla ya kuondoka, piga picha kurasa zote za kadi ya kliniki, umtumie shangazi kwenye simu yake.