Tiketi ya Ndege na Lugha Isiyomfikia Abiria

Wakazi wa Donholm, Umoja na Kayole wamezoea ngurumo za ndege, kwani uwanja uliofunguliwa Embakasi mwaka 1958, ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta, ni jirani yao. La kusikitisha ni kwamba jirani huyo hawasemeshi kwa lugha yao.

Anayesafiri kwa basi kwenda Mombasa humwuliza karani kwa Kiswahili, wakaelewana kuhusu nauli, kiti na saa. Tiketi ya ndege aghalabu huja na masharti ya Kiingereza cha mawakili, tena kwa herufi ndogo. Mzazi anayemsafirisha mwanawe kwenda kazini Ghuba husema "nimekata tiketi", kumbe amewekewa nafasi tu, nayo hufutwa malipo yasipofika kwa wakati. Hufurahia nauli nafuu asijue kwamba unafuu huo mara nyingi una masharti: fedha hazirudishwi, na tarehe haibadilishwi bila ada. Akipiga simu kulalamika, hupokewa na mashine, kisha muziki, kisha kimya.

Marubani wa Kenya Airways walipogoma mwezi Novemba mwaka 2022, maelfu ya abiria walikwama. Katika msiba wa aina hiyo, ajuaye haki zake huzidai. Asiyezijua hurudi nyumbani na mizigo yake.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na huduma. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Yamkini kampuni zitajitetea kwamba kifungu hicho cha pili kinaihusu serikali. Na iwe hivyo. Lakini habari isiyoeleweka ni habari gani?

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Hoja hiyo haina mashiko. Nauli ni neno la mabaharia, lililotumika majahazini kabla ya ndege kubuniwa. Fidia, ada na masharti tunayo pia.

Walimu wenzangu, tunapofundisha sajili ya sokoni na mahakamani, tuwape wanafunzi tiketi halisi waifasiri. Wazazi wao watakuwa wasomaji wa kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomeka halina tofauti na lisilokuwapo.