Habari ya mvua ni habari ya afya

Majuzi kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alifika kwenye kliniki yangu hapa Isiolo. Hakuwa mgonjwa. Anapenda sayansi ila udaktari haumvutii, na amesikia kuna waandishi wa habari wanaoshughulikia sayansi na mazingira. Je, kazi hiyo yaweza kumlisha mtu? Babake anaona ni mzaha.

Nilimjibu kwa kisa cha mbu.

Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa mara ya kwanza Naivasha mwaka 1931, huenezwa na mbu ambao mayai yao yaweza kukaa mchangani miaka mingi yakingoja mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha, mbu huanguliwa, kondoo na mbuzi huharibu mimba, kisha anayechinja mnyama mgonjwa au kunywa maziwa mabichi huambukizwa. Wengi hupata homa na kupona; wachache hutokwa na damu na kufa.

Mwaka 2006, Assaf Anyamba na wenzake wa NASA, Marekani, walisoma picha za setilaiti wakatabiri hatari hiyo wiki kadhaa mapema. Hata hivyo, katika mlipuko huo wa 2006 na 2007, watu zaidi ya 150 walikufa nchini Kenya. Onyo lilikuwapo, lakini kutoka karatasi ya mwanasayansi hadi boma la mfugaji ni safari ndefu. Mwishoni mwa 2020 ugonjwa ulizuka tena, na wafugaji wa huku kwetu walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Mwandishi asiyejua sayansi huandika kwamba mvua imeleta neema, akaenda zake. Anayejua humwuliza mtaalamu wa hali ya hewa, kisha daktari wa mifugo, kisha sisi. Tena hupima maneno, maana habari ya kutisha ovyo huwafanya watu wafiche mifugo wagonjwa. Soko la mifugo likifungwa, karo hutoka wapi?

Kuhusu mshahara sikumdanganya. Aghalabu atatumwa pia kuandika siasa na ajali za barabarani. Walakini hatakuwa peke yake: chama cha waandishi wa fani hii, MESHA, kipo tangu 2005.

Akaniuliza aanzie wapi. Kiborana anakijua, Kiswahili pia. Nilimwambia aende kwenye ofisi ya hali ya hewa aombe utabiri wa msimu ujao, kisha ajaribu kumweleza nyanya yake anayefuga mbuzi kule Merti.