Ustadi wa Fundi wa Nyumbani Usidharauliwe

Wananchi wa visiwani hawahitaji kuelezwa thamani ya fundi. Gari likiharibika au mashine ya boti ikizimika, na kipuri kikawa bado kiko ng'ambo, ni fundi wa mtaani anayekereza, anayeunga na anayechonga hata safari ikaendelea. Hata hivyo, wapo kati yetu wanaoiona kazi hiyo kuwa ni ubabaishaji, kimbilio la mtu aliyekosa shule. Leo tunapenda kuwajibu kwa mfano wa mwananchi wa kisiwa kingine, kilicho mbali sana na chetu.

Mtu huyo ni Burt Munro, aliyezaliwa mwaka 1899 na kuishi Invercargill, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zenye jumla ya ujazo wa sentimeta 600, na mwendo wake wa juu haukupita kilomita 90 kwa saa. Mwaka 1926 alianza kuibadili, na hakuacha kwa zaidi ya miaka 40.

Munro hakuwa na kiwanda. Mchana aliuza pikipiki kwa ajili ya riziki, na usiku alirudi bandani kwake. Humo aliyeyusha madini na kumimina pistoni akitumia makopo ya zamani kuwa kalibu. Alichonga konrodi kutoka katika ekseli ya trekta. Spoku kuukuu ya gurudumu ndiyo iliyokuwa kipimo chake.

Asidhani msomaji kwamba kuongeza nguvu za injini, iwe ya pikipiki au ya gari, ni kutoboa silinda tu ili ipokee hewa na petroli zaidi. Kila nguvu inayoongezwa huleta joto jipya la kuondoshwa. Mizunguko ya injini ikizidi mara mbili, nguvu inayoivuta na kuisukuma konrodi huzidi mara nne. Pistoni iliyobanwa mno hukwama ikipanuka kwa joto. Iliyolegea hupitisha moshi na kupoteza nguvu. Fundi anayeimarisha sehemu moja hugundua mara kwamba udhaifu umehamia sehemu ya pili.

Munro aliyajua hayo kwa hasara. Injini yake ilipasuka mara nyingi. Lakini hakuvitupa vipande vilivyovunjika; alivipanga katika rafu bandani, akaandika kwa mzaha kuwa ni sadaka kwa mungu wa mwendo kasi. Rafu ile ndiyo iliyokuwa shule yake, kwa kuwa kila kipande kilimwonyesha pahali alipokosea.

Matunda yalionekana. Mwaka 1962 alivuka Bahari ya Pasifiki hadi Bonneville, uwanda wa chumvi katika jimbo la Utah, Marekani, akaweka rekodi ya kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, na injini ikiwa imefikishwa sentimeta 950, aliweka rekodi nyingine ya zaidi ya kilomita 295 kwa saa. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 2014 iligunduliwa kuwa hesabu ya rekodi hiyo ilikosewa. Iliposahihishwa, mwendo wake ulipanda hadi kilomita 296.

Kwa maoni yetu, mfano huu unawahusu watu wa aina mbili.

Kwanza ni vijana wetu wanaopenda mashine. Munro aliitafuta kasi katika uwanda mtupu, chini ya macho ya wasimamizi na wapima saa. Barabara inayopitwa na watoto wa skuli, wazee na wachuuzi wa baiskeli si Bonneville. Anayeongeza nguvu ya injini bila ya kuongeza nguvu ya breki, kisha akaijaribu mitaani, hajifunzi ufundi. Anahatarisha roho za watu.

Pili ni viongozi wenye dhamana ya elimu ya amali. Munro alitumia miaka mingi kugundua kwa kuvunja mambo ambayo mwalimu mwenye vipimo sahihi angaliweza kumwonyesha kwa siku chache. Fundi wa visiwani naye ana akili na mikono. Anachohitaji ni mikromita ya kupimia, mashine nzuri ya kukereza, na mtu wa kumweleza sababu ya kile anachokifanya kwa mazoea. Tunapendekeza karakana za vyuo vya amali zifunguliwe jioni kwa mafundi walio kazini, na ujuzi wao utahiniwe kwa vitendo na kutolewa cheti, bila ya kuulizwa kwanza walifikia darasa la ngapi. Gharama yake ni ndogo, na faida itaonekana katika kila gari na kila chombo kinachotegemea mikono yao.

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Mkongwe wa Invercargill alikwenda pole pole kwa zaidi ya miaka 40, na mwendo alioufikia dunia nzima iliushuhudia. Mafundi wetu wanayo subira hiyo. Ni wajibu wetu kuwapa vipimo.